Matawi ya jirani yaliyovuka mpaka na ua wa michongoma usio na mwenyewe: haki yangu inaishia wapi?

Mkazi wa Kihonda aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wanaoijua sheria na wa wanaoijua miti, kwa kuwa jambo langu linagusa pande zote mbili. Ninaishi Kihonda, Morogoro, katika kiwanja kilichopimwa na chenye hati. Jirani yangu wa upande wa mashariki ni mzee tunayeheshimiana naye, na alihamia hapa kabla yetu sote. Ana mwembe mkubwa na mwarobaini, yote miwili ikiwa hatua chache tu kutoka mpakani. Matawi ya mwembe yamefunika karibu nusu ya paa langu la mabati, majani yanaziba gata kila wakati, na msimu wa maembe ukifika hatulali kwa mshindo. Mzizi mmoja wa mwarobaini umepita chini ya ukuta wangu wa matofali, na mahali hapo hapo umetokea ufa unaopanda kutoka chini hadi juu.

Upande wa nyuma kuna ua wa michongoma ambao hakuna anayekumbuka ulipandwa na nani. Umenenepa hadi umeingia katika uchochoro ambao watoto wa mtaa huupita wakienda shule, na miiba yake imekwisha kuwajeruhi. Kila mmoja wetu anadhani kuupunguza ni kazi ya mwenzake.

Nilipomweleza mzee kwa adabu, alinijibu kwamba miti ilikuwepo kabla sijanunua kiwanja, na kwamba aliyeifuata miti ndiye anayepaswa kuivumilia. Mafundi wananiambia nipande tu nikate. Wengine wananionya kwamba nitafunguliwa kesi ya kuharibu mali. Je, ninaruhusiwa kukata nini bila kibali chake, nani atalipia ukuta, na ua ule wa nyuma ni wajibu wa nani? Nisingependa kugombana na mzee huyu, lakini pia siwezi kuendelea kutazama ufa ukipanuka.

Wakili wa Dodoma alijibu:

Ndugu Mkazi, nianze na hoja ya mzee, kwa kuwa ndiyo inayowanyamazisha wengi ilhali haina nguvu kisheria. Tanzania haina sheria moja ya Bunge inayopanga mambo ya matawi na mizizi baina ya majirani. Pengo hilo linazibwa na kanuni za sheria ya Kiingereza iliyojengwa na maamuzi ya mahakama (common law), ambazo tulizipokea kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali yetu inavyoruhusu. Katika kanuni hizo ipo kesi mashuhuri ya Lemmon dhidi ya Webb, iliyoamuliwa na Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza, na kuchapishwa katika ripoti za mwaka 1895. Matawi ya miti ya zamani yalikuwa yamevuka mpaka kwa zaidi ya miaka 20, jirani akayakata bila taarifa, na mwenye miti akashtaki. Alishindwa. Mahakama ilisema kwamba umri wa mti haumpi mwenye mti haki ya kutumia anga ya jirani, kwa kuwa tawi hukua kila siku na hakuna siku moja inayoweza kuhesabiwa kuwa ndiyo mwanzo wa haki hiyo. Kwa hiyo, kwamba mwembe ulikutangulia ni kweli, lakini hakumpi mzee haki juu ya paa lako.

Hata hivyo, haki uliyo nayo ina mipaka minne, na kila mmoja umewahi kumponza mtu. Kwanza, unakata mpaka pale mstari wa mpaka ulipo, hata kama fundi atakuambia kwamba tawi lingekatwa vizuri zaidi kwenye shina. Pili, huruhusiwi kuingia katika kiwanja cha jirani, kuegemeza ngazi kwenye mti wake wala kumpandisha fundi juu ya shina lake bila ridhaa yake. Katika kesi ile ya Lemmon, kukata bila taarifa kulikubalika kwa sababu mkataji alibaki upande wake. Tatu, kilichokatwa bado ni mali ya mwenye mti. Mwaka 1919, katika kesi ya Mills dhidi ya Brooker, mtu aliyekata matawi ya mtofaa yaliyovuka mpaka na kuuza matunda aliamriwa kulipa thamani yake, kwa hiyo maembe yanayoning'inia juu ya bati lako ni ya mzee, na kuni pia ni zake. Nne, usikate kwa namna itakayouua mti au kuufanya uanguke. Ukivuka mipaka hiyo, jirani anaweza kukudai fidia, na Kanuni ya Adhabu inalo kosa la kuharibu mali kwa makusudi, ambalo polisi hulitumia mara nyingi katika ugomvi wa miti na mazao.

Kuhusu ukuta, swali litakuwa kama mwenye mti alijua au alipaswa kujua kwamba mizizi yake inaleta madhara, na kama alipewa nafasi ya kutosha ya kuyazuia. Bunge la Malodi lilisisitiza jambo hili mwaka 2001, katika kesi ya mizizi ya mti wa barabarani iliyoathiri msingi wa majengo ya Delaware Mansions jijini London. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ila unaweza kuzishawishi. Maana yake kwako ni kwamba barua ina thamani kubwa. Mwandikie mzee kwa heshima, ambatanisha picha za ufa zenye tarehe, mwombe achukue hatua ndani ya muda unaoeleweka, na ubaki na nakala iliyopokelewa kwa sahihi. Mtu aliyejenga ukuta upya kwanza na kudai baadaye, ilhali jirani hakuwahi kuarifiwa, huwa amejidhoofisha mwenyewe.

Mkishindwa kuelewana, msikimbilie mahakamani. Anzeni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mgogoro ukiwa wa ardhi au mpaka, hatua inayofuata ni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu na halitoi tena hukumu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri lenu mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila usuluhishi kufanikiwa.

Bwana Miti aliandika:

Nimefanya kazi ya misitu katika halmashauri kwa muda mrefu na sasa nimestaafu. Ninakubaliana na Ndugu Wakili, ila naomba tuutazame mti wenyewe, kwa sababu majirani wengi huanza kesi kabla ya kumjua mtuhumiwa.

Ufa uliopo juu ya mzizi hauthibitishi kwamba mzizi ndio uliousababisha. Mizizi mingi ya mti huwa katika tabaka la juu la udongo, ndani ya mita moja hivi, na husambaa mbali kuliko kivuli cha mti. Mzizi unaonenepa huweza kuinua kitu chepesi kama ukuta wa uzio wenye msingi mfupi, sakafu ya uwanja au vipande vya zege vya njia, lakini ni nadra kuinua nyumba iliyojengwa sawasawa. Nyumba huumizwa zaidi kwa njia nyingine: pale penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, mti mkubwa hunyonya maji, udongo unasinyaa, na msingi unashuka upande mmoja. Kwa hiyo fukua kwa jembe la mkono, taratibu, pembeni ya ukuta wako. Ukiuona mzizi umeugusa msingi na kuusukuma, piga picha. Ukiona msingi umekaa juu ya kifusi, au maji ya paa lako mwenyewe yanadondoka hapo hapo kwa sababu gata imeziba, basi lipo jambo jingine la kujadili kabla ya kumlaumu mzee. Ndivyo ilivyo hata kwa mabomba na chemba za maji taka: mzizi ni nadra kutoboa bomba zima, bali huingia kwenye maungio yanayovuja, kwa kuwa huko ndiko uliko unyevu.

Msikate mzizi mnene kwa shoka na kuondoka. Mizizi mikubwa iliyo karibu na shina ndiyo inayoushikilia mti, na mwarobaini uliokatwa mizizi ya upande wako unaweza kuanguka wakati wa upepo wa masika. Ukuta unaweza kuokolewa bila kuugusa mti: bomoa sehemu ndogo iliyo juu ya mzizi, acha nafasi ya kutosha kuuzunguka ili uendelee kunenepa, kisha pitisha lenta ya zege yenye nondo juu ya nafasi hiyo, ikikaa kwenye nguzo mbili fupi, na matofali yajengwe juu yake. Fundi ujenzi yeyote makini ataifanya kazi hiyo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya shauri.

Kuhusu mwembe, mwombeni mzee aruhusu mpunguziaji mwenye uzoefu apande kutoka upande wake, kwa sababu kukata kwa kufuata mstari wa mpaka, ingawa ni haki yako, huacha visiki virefu vinavyooza. Tawi hukatwa karibu na shina au karibu na tawi mama, nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye shina lake, ili mti uweze kufunga jeraha. Tawi zito lianzwe kwa mkato wa chini na kisha mkato wa juu, ili lisichane gome likianguka. Katika mwaka mmoja msiondoe zaidi ya robo ya matawi yote. Na tafadhali msiukate kichwa mti huo, yaani kuondoa kilele chote na kuacha nguzo, kama tunavyoona katika miji yetu mingi. Mti uliokatwa hivyo huchipuza matawi mengi yasiyoshikamana vizuri na shina, na baada ya miaka michache matawi hayo huwa hatari zaidi kuliko yale ya mwanzo. Huo ni uharibifu unaoniumiza kila nikiuona. Wakati mzuri ni baada ya mavuno na kabla ya mwembe kutoa maua mapya.

Nikumbushe pia kuhusu vibali. Mwembe na mwarobaini ni miti ya kupandwa, lakini halmashauri nyingi zina sheria ndogo zinazotaka mtu apate kibali kabla ya kukata mti wowote mjini, hata ulio kiwanjani kwake, kwa hiyo muulizeni ofisa misitu wa manispaa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inaruhusu aina fulani za miti zitangazwe kuwa zimehifadhiwa. Mwenye mninga, mpingo au mvule ulioota kiwanjani asiuguse kabla ya kupita ofisi ya misitu. Na kama tawi liko karibu na nyaya za umeme, asipande mtu yeyote. Taarifa ipelekwe TANESCO, wao ndio wenye mafundi na vifaa vya kukata karibu na laini.

Mkulima wa Nyeri aliandika:

Nawasalimu kutoka Kenya. Nimevutiwa na swali la ua wa nyuma, kwa kuwa huku kwetu ua si pambo; mara nyingi ndio mpaka wenyewe. Wakati wa kuunganisha na kusajili mashamba katika eneo la kati, kuanzia miaka ya 1950, wenye ardhi walitakiwa kupanda ua kufuata mipaka yao ili ionekane katika picha zilizopigwa kutoka angani, na ramani za usajili zikachorwa kutokana na picha hizo. Ndiyo maana mashamba mengi huku yana mpaka wa jumla, usio na vipimo kamili, na anayetaka kujua mstari uko wapi hutazama michongoma, kayaba au mti uliopandwa na babu.

Sheria yetu ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka kila mwenye ardhi atunze alama zinazoonyesha mpaka wake, ziwe ua, mawe au nguzo, na kuziharibu au kuzihamisha bila idhini ni kosa la jinai. Mahakama nayo haiwezi kusikiliza ugomvi wa mpaka kabla Msajili wa Ardhi hajaubainisha mpaka huo. Ninayaeleza haya kwa sababu nimeona watu waking'oa ua wa zamani kwa nia njema kabisa, ili wajenge ukuta, kisha ukazuka ugomvi wa futi tatu uliodumu kuliko ua wenyewe. Ndugu yangu, usiung'oe ua huo kabla ya kujua mpaka uko wapi.

Mama wa Marangu aliandika:

Naongezea kidogo. Kwetu Uchaggani mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, huoteshwa mimea iitwayo masale, na sale hilo hilo ndilo ambalo mtu huchukua jani lake akienda kuomba msamaha kwa aliyemkosea. Wazee walitumia mmea mmoja kwa mambo yote mawili, mpaka na upatanisho, nami naona walikuwa wameujua ujirani vizuri. Mwanangu wa Kihonda, usitangulize barua. Nenda kwanza na mtu wa makamo ambaye mzee anamheshimu, mkae, umwonyeshe ufa kwa macho yake, kisha barua ije baada ya mazungumzo kama kumbukumbu ya mlichokubaliana. Mzee anayepokea karatasi yenye sahihi kabla ya kupokea mgeni huona ameshtakiwa tayari.

Jingine: wapo wanaootesha minyaa kama ua. Utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya na huweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa. Penye njia ya watoto usipandwe kabisa, na anayeukata avae miwani na glovu.

Mkazi wa Kihonda aliandika tena:

Nawashukuru sana, na Mama, shikamoo. Nimefukua kama Bwana Miti alivyoelekeza: mzizi umeugusa msingi kweli, lakini msingi wenyewe ni mfupi, na maji ya gata langu yanamwagika hapo hapo. Nitamwendea mzee pamoja na mjumbe wetu. Yamebaki maswali mawili. Ua wa michongoma tuugawane vipi ikiwa hatujui aliyeupanda? Na mwembe huo ukianguka juu ya nyumba yangu, nani atawajibika?

Wakili wa Dodoma alijibu:

Kwa kuwa kiwanja chako kimepimwa, kwenu mpaka unaonyeshwa na bikoni (alama za upimaji zilizowekwa ardhini) na ramani ya upimaji, na ua ni ushahidi wa pili tu. Mtafute mpima ardhi aliyesajiliwa au ofisi ya ardhi ya manispaa wawaonyeshe bikoni zilipo. Gharama hiyo mkigawana na mzee, hakuna atakayeshuku matokeo. Msiziguse bikoni wala msiruhusu fundi azifukie, kwa kuwa kuondoa alama za upimaji ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi. Mashina ya michongoma yakikutwa yote ndani ya kiwanja kimoja, ua ni wa mwenye kiwanja hicho na kuupunguza ni jukumu lake, ingawa jirani anaweza kukata kinachoingia kwake. Yakikutwa juu ya mstari, utazameni kama mali yenu wote wawili: hakuna anayeweza kuung'oa peke yake, na kila mmoja apunguze uso unaomtazama, juu mkakubaliana urefu. Andikeni makubaliano hayo karatasi moja, myatie sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa siku moja mmoja wenu atauza na mnunuzi atauliza.

Uchochoro ni jambo tofauti, na ningependa ulitangulize. Njia ya umma si ya kugawana. Mwenye ua anawajibika kwa kila tawi linalowazuia au kuwaumiza wapita njia, na mtoto akiumia jicho, kutokujulikana kwa aliyepanda hakutamwokoa anayekalia ardhi ambamo ua umeota. Upunguzeni upande huo wiki hii, kabla hata ya mpima kufika, kwa kuwa kupunguza hakubadili mpaka. Pale ambapo ua unatazama barabara, kumbukeni kwamba hifadhi ya barabara iko chini ya TARURA au TANROADS, na michongoma iliyooteshwa humo inaweza kuondolewa bila fidia, hasa kwenye kona ambako dereva hawezi kumwona anayevuka.

Kuhusu mwembe kuanguka, hakuna jibu moja. Mwaka 1926, katika kesi ya Noble dhidi ya Harrison, tawi lilivunjika siku tulivu na kuangukia gari la abiria barabarani. Mwenye mti hakuwajibishwa, kwa kuwa tawi lilikuwa na kasoro iliyofichika ambayo hata ukaguzi wa uangalifu usingeigundua. Hapo ndipo ulipo mpaka wa wajibu. Mti wenye afya ulioangushwa na dhoruba isiyo ya kawaida, kwa kawaida kila mmoja hubeba hasara yake. Mti wenye shina lililooza, uyoga kwenye mizizi, tawi kavu linaloonekana au mwinamo ulioongezeka, na ambao mwenyewe amekwisha kuambiwa, mwenyewe atalipa.

Bwana Miti aliandika:

Basi mkienda kwa mzee, zungukeni mwembe huo pamoja naye. Gongeni shina kwa nyundo ya mbao: sauti ya mvumo ni dalili ya uwazi ndani. Tazameni kama udongo umepasuka upande ulio kinyume na mwinamo, na kama kuna uyoga chini ya shina baada ya mvua. Mkiona mojawapo, mwiteni ofisa misitu aje aandike alichokiona. Michongoma nayo muipunguze mara mbili kwa mwaka, chini pawe papana kuliko juu, ili mwanga ufike kwenye majani ya chini na ua usitoboke. Miiba iliyokatwa ikusanywe siku hiyo hiyo, kwa sababu watoto watapita kesho asubuhi.